Gavana John Peter Altgeld wa Illinois: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Mei Mosi inapokaribia, kisa cha wafanyakazi wa Chicago wa mwaka 1886 husimuliwa upya kwenye majukwaa ya vyama vya wafanyakazi. Kwa kawaida masimulizi huishia pale watu wanne waliponyongwa. Lakini kisa hakikuishia hapo. Watatu walibaki gerezani, na baada ya miaka kadhaa akatokea gavana aliyewafungulia mlango na kueleza waziwazi kwa nini hawakupaswa kufungwa. Maswali yafuatayo yanamhusu yeye.

Altgeld alikuwa nani, kwa ufupi?

Alikuwa gavana wa jimbo la Illinois, Marekani, kuanzia Januari 1893 hadi Januari 1897, kupitia chama cha Democrat. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu, mwanasheria, mwendesha mashtaka, mfanyabiashara wa viwanja na majengo, kisha jaji. Ndiye gavana wa kwanza wa Illinois aliyezaliwa nje ya Marekani. Mambo mawili ndiyo yaliyompa jina: msamaha alioutoa kwa wafungwa wa kesi ya Haymarket mwaka 1893, na ugomvi wake na Rais Grover Cleveland mwaka 1894 wakati wa mgomo wa Pullman.

Gavana wa jimbo la Marekani ni sawa na gavana wa kaunti kule Kenya?

Hapana. Wote wawili huchaguliwa kwa kura, ila mamlaka yao yanatofautiana sana. Jimbo la Marekani lina katiba yake, bunge lake, mahakama zake za jinai, magereza yake na hata askari wake wa akiba. Gavana anaweza kuukataa muswada uliopitishwa na bunge la jimbo, na anaweza kumsamehe mtu aliyehukumiwa na mahakama za jimbo hilo. Kenya na Tanzania, msamaha wa wafungwa uko mikononi mwa rais. Ukilisahau jambo hilo, utashindwa kuelewa ni vipi kalamu ya mtu mmoja pale Springfield, makao makuu ya Illinois, iliweza kuwatoa watu gerezani bila kumuuliza rais.

Alizaliwa wapi na alikulia katika maisha gani?

Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1847 huko Nieder Selters, katika nchi ya Nassau ambayo leo ni sehemu ya Ujerumani. Wazazi wake walihamia Marekani akiwa mtoto wa miezi michache tu, wakalima karibu na mji wa Mansfield, Ohio. Baba yake hakuona haja ya shule kwa mtoto ambaye angeweza kushika jembe, kwa hiyo masomo yake yalikuwa ya kuokoteza. Akiwa na miaka 16 alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe, akapelekwa Virginia, na huko akapata homa iliyomrudia mara kwa mara maisha yake yote.

Baada ya vita alifundisha shule kwa muda. Alimpenda mwalimu mwenzake, Emma Ford, lakini wazazi wa binti hawakumtaka kijana asiye na kitu. Akaondoka kwenda magharibi kutafuta maisha, akafanya kazi ya kujenga reli Arkansas mpaka homa ikamwangusha, kisha akafika Savannah, mji mdogo wa Missouri. Hapo ndipo alipojisomea sheria, akawa wakili mwaka 1871, na mwaka 1874 akachaguliwa kuwa mwendesha mashtaka wa kaunti. Mwaka uliofuata aliacha cheo hicho akahamia Chicago, ambako hakuwa akijulikana na mtu. Alimwoa Emma mwaka 1877, wakati huu bila pingamizi.

Alitajirika vipi?

Kwa ardhi. Chicago ilikuwa ikikua kwa kasi baada ya moto mkubwa wa mwaka 1871, naye alinunua viwanja, akajenga, akauza, akanunua tena. Jengo alilolipenda kuliko yote ni Unity Building, ghorofa 16 katikati ya jiji, lililokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1890. Alilijenga kwa mikopo mikubwa, na mikopo hiyohiyo ndiyo iliyommaliza baadaye.

Wakati anakusanya mali, aliandika pia. Mwaka 1884 alitoa kitabu kidogo kuhusu magereza na wahanga wake. Hoja yake ilikuwa kwamba mitambo ya polisi, mahakama na jela inawasaga zaidi maskini, vijana na wageni, na kwamba mtu huingia akiwa na kosa dogo akatoka akiwa mhalifu kamili. Alikigawa kwa fedha zake mwenyewe kwa mahakimu, wabunge na wahubiri. Nakala moja ilimfikia wakili kijana wa mji mdogo huko Ohio, Clarence Darrow, ambaye baadaye alihamia Chicago na kuwa rafiki yake wa karibu. Anayedai kwamba huruma ya Altgeld ilizuka ghafla alipopata ugavana aanzie na kitabu hicho.

Alishindaje uchaguzi wa mwaka 1892?

Illinois ilikuwa ngome ya Republican tangu kabla ya vita. Gavana aliyekuwa madarakani, Joseph Fifer, alibebeshwa lawama ya sheria ya mwaka 1889 iliyolazimisha masomo ya msingi yafundishwe kwa Kiingereza, hata katika shule za makanisa. Wajerumani na watu wa Skandinavia, Walutheri kwa Wakatoliki, waliiona kama mkono wa serikali unaoingia nyumbani na kanisani mwao. Altgeld alikijua Kijerumani, aliyajua makanisa yao, na alizunguka jimbo lote. Alikuwa na fedha za kampeni, tena zake mwenyewe. Siku ya kuapishwa, Januari 1893, alikuwa mgonjwa kiasi kwamba hakuweza kuimaliza hotuba yake. Karani ndiye aliyeisoma.

Haymarket kulitokea nini hasa?

Tarehe 1 Mei 1886 maelfu ya wafanyakazi wa Marekani waligoma wakidai siku ya kazi iwe ya saa 8. Chicago ndiyo iliyokuwa kitovu. Tarehe 3 Mei polisi waliwafyatulia risasi wagomaji nje ya kiwanda cha McCormick. Kesho yake jioni ukaitishwa mkutano wa kulaani mauaji hayo karibu na soko la Haymarket. Meya wa jiji, Carter Harrison, alifika mwenyewe, akaona watu wametulia, akaenda zake. Mvua ilianza, wengi wakaondoka. Samuel Fielden alikuwa anamalizia kuhutubia juu ya mkokoteni wakati kikosi cha polisi kilipofika kuwaamuru watawanyike. Mtu fulani akarusha bomu. Askari polisi 7 walipoteza maisha kwa mlipuko na risasi zilizofuata, na raia wasiopungua 4.

Aliyelirusha hajajulikana hadi leo.

Watu 8 walishtakiwa, wote waanakisti, yaani watu wa siasa ya kutotaka dola: August Spies, Albert Parsons, Adolph Fischer, George Engel, Louis Lingg, Samuel Fielden, Michael Schwab na Oscar Neebe. Wengi wao hawakuwepo hata mahali pale bomu lilipolipuka. Saba walihukumiwa kifo, Neebe miaka 15. Gavana wa wakati huo, Richard Oglesby, aliwabadilishia Fielden na Schwab adhabu kuwa kifungo cha maisha. Lingg alijiua akiwa mahabusu. Tarehe 11 Novemba 1887 Spies, Parsons, Fischer na Engel wakanyongwa.

Kwa nini Altgeld aliwasamehe waliobaki?

Hapa inabidi tukae kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea. Husemwa kwamba aliwahurumia. Laiti angefanya hivyo tu, pengine asingepata shida. Wakati anaingia madarakani, watu wengi wenye heshima Chicago, wakiwemo wenye benki na mawakili, walikuwa tayari wametia saini maombi ya kuwafungua wale watatu. Walichotaka ni msamaha wa huruma: wamekaa ndani vya kutosha, waacheni waende nyumbani. Gavana angeandika mistari mitatu, akapigiwa makofi, mambo yakaisha.

Yeye aliagiza jalada zima la kesi akalisoma miezi kadhaa. Kisha akaamua kwamba kama hukumu ilikuwa halali, hapakuwa na sababu ya kuwatoa. Na kama haikuwa halali, basi nchi ni lazima iambiwe hivyo. Tarehe 26 Juni 1893 alitoa msamaha kamili kwa Fielden, Schwab na Neebe, ukiambatana na maelezo marefu ya kisheria yenye ukubwa wa kijitabu. Hoja zake zilikuwa hizi.

Kwanza, jopo la raia 12 walioamua kesi lilipangwa. Kwa kawaida majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Katika kesi hii afisa maalumu aitwaye Henry Ryce ndiye aliyepewa kazi ya kwenda kuwatafuta watu, na kulikuwa na kiapo cha shahidi kilichoeleza kwamba Ryce alijitapa kuwa anajua anachofanya na kwamba washtakiwa hao watanyongwa tu. Watu 981 walihojiwa kabla jopo halijakamilika. Wengi walikiri kwamba wameshaamua moyoni kuwa washtakiwa wana hatia, hata wengine wakasema walikuwa na jamaa au rafiki miongoni mwa polisi waliouawa. Jaji Joseph Gary aliwabembeleza kwa maswali mpaka wakasema wataweza kutenda haki, akawapitisha.

Pili, ushahidi. Ikiwa aliyerusha bomu hajulikani, utasemaje kwamba alifuata maneno ya Spies au Parsons? Jaji Gary alikubali kwamba washtakiwa walihubiri mapinduzi kwa umma kwa jumla, na hilo likamtosha. Altgeld aliuliza ni sheria gani inayomnyonga mtu kwa tendo la mtu asiyejulikana, bila kuthibitisha kwamba huyo asiyejulikana aliwahi kumsikia au kumsoma. Yeye mwenyewe aliona kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba bomu lilirushwa na mtu aliyekuwa akilipiza kisasi cha virungu vya polisi, na akataja matukio ya miaka iliyotangulia ambapo wafanyakazi walipigwa na kuuawa bila askari yeyote kuulizwa.

Tatu, kesi ya Neebe. Hii ukiisoma unashangaa iliwezaje kufika mahakamani. Ushahidi dhidi yake ulikuwa kwamba alikuwa na hisa ya dola 2 katika gazeti la Kijerumani la wafanyakazi, na kwamba nyumbani kwake zilikutwa silaha chache za kawaida. Mwendesha mashtaka mwenyewe alikuwa amekiri, mbele ya Meya Harrison, kwamba hakuwa na kesi ya maana dhidi ya Neebe. Mke wake alifariki yeye akiwa kifungoni.

Nne, upendeleo wa jaji. Sehemu hii ndiyo iliyowachoma wakubwa wa Chicago kuliko zote. Kusema kwamba wafungwa wameteseka vya kutosha kuliwezekana. Kumtaja jaji kwa jina, kwenye karatasi ya serikali, kwamba aliiendesha kesi kwa chuki, hakuna aliyelitarajia.

Wapo wanahistoria wa siku hizi wanaoitetea mahakama ile na kusema baadhi ya washtakiwa walijua mengi kuhusu mabomu kuliko walivyokubali. Lakini swali la Altgeld lilikuwa kama mtu alihukumiwa kwa kosa lililothibitishwa, na jopo halali. Kwa swali hilo naona alijibu sawasawa.

Siku ya kutia saini ilikuwaje?

Ilikuwa kimya kuliko unavyodhani. Hati ziliandaliwa na karani kijana, Brand Whitlock, ambaye baadaye alikuwa meya wa Toledo. Alikuwepo pia Edward Dreyer, mwenye benki wa Chicago. Dreyer alikuwa mmoja wa raia waliokaa kwenye baraza lililoidhinisha mashtaka mwaka 1886; baadaye dhamiri ikamsumbua, akawa mstari wa mbele kuomba wafungwa waachiwe. Gavana alimkabidhi yeye zile hati azipeleke gerezani Joliet. Whitlock ameeleza kwamba Dreyer alijaribu kushukuru, akashindwa, akalia. Altgeld hakutaka maneno mengi. Alimhimiza awahi treni.

Watu walipokeaje?

Kwa matusi. Magazeti makubwa yalimchora akiwa na mienge na mabomu mkononi. Chicago Tribune lilifika mahali pa kuandika kwamba hana hata tone la damu halisi ya Kimarekani, mtu aliyeletwa nchini akiwa mtoto mchanga na aliyevaa sare ya nchi hiyo kabla hajatimiza miaka 17. Darrow, aliyekuwa amemsihi sana awaachie wafungwa, alieleza baadaye kwamba Altgeld alimwonya mapema: siku nikitia saini, kisiasa mimi ni maiti.

Kwa hiyo yeye mwenyewe alikuwa mwanakisti?

Hata kidogo. Alikuwa mwenye nyumba za kupangisha, mwanasheria na mtu wa chama. Aliamini sheria kuliko wengi waliomtukana, na ndiyo maana ilimuudhi kuiona ikipindishwa.

Aliwafanyia nini wafanyakazi mbali na msamaha?

Mwaka 1893 bunge la jimbo lilipitisha sheria ya viwanda iliyopunguza ajira ya watoto, kudhibiti kazi za kushona nguo katika vyumba vya makazi, na kuweka kikomo cha saa 8 kwa siku kwa wanawake viwandani. Altgeld alimteua Florence Kelley kuwa mkaguzi mkuu wa viwanda, cheo ambacho mwanamke hakuwahi kushika katika jimbo lolote. Kelley aliingia kwenye vyumba vya giza ambako nguo zilishonwa kando ya wagonjwa wa ndui, akafungua kesi baada ya kesi. Mwaka 1895 Mahakama Kuu ya Illinois ilikifuta kipengele cha saa 8, ikidai kinaingilia uhuru wa mwanamke kuingia mkataba. Sehemu kuhusu watoto ilibaki.

Ugomvi wake na Rais Cleveland ulihusu nini?

George Pullman alitengeneza mabehewa ya kulala na kumiliki mji mzima walimoishi wafanyakazi wake, kusini mwa Chicago. Uchumi ulipoanguka mwaka 1893 alikata mishahara, lakini kodi ya nyumba hakuigusa, na kodi ilikatwa humohumo kwenye mshahara. Wafanyakazi wakagoma Mei 1894. Mwishoni mwa Juni chama cha wafanyakazi wa reli kilichoongozwa na Eugene Debs kikakataa kushughulikia treni yoyote yenye behewa la Pullman, na usafiri ukakwama katika sehemu kubwa ya nchi.

Mwanzoni mwa Julai, Cleveland alituma askari wa serikali kuu Chicago, kwa hoja kwamba barua za posta zinazuiwa na amri ya mahakama inakaidiwa. Gavana hakuombwa wala kuulizwa. Altgeld aliandika tarehe 5 Julai kupinga: jimbo lina askari wake, limeshawatuma kila mahali walipoombwa, na Katiba inaeleza kwamba msaada dhidi ya fujo za ndani hutolewa jimbo likiuomba. Aliongeza kwamba treni nyingi zilisimama kwa kukosa watu wa kuziendesha, hazikuwa zimezuiwa na wahuni. Cleveland alijibu kwa maneno machache. Altgeld akaandika tena. Fujo kubwa zilizuka baada ya askari kuingia, na Altgeld alituma askari wa jimbo mara tu meya alipowaomba. Hao nao waliua watu. Hakuwa mtu wa kuacha mji uungue.

Jambo ambalo halisimuliwi sana ni la mwezi Agosti, mgomo ukiwa umeshavunjwa. Altgeld alikwenda Pullman mwenyewe, akapita nyumba kwa nyumba. Alikuta karibu watu 6,000 hawana chakula, wengi wao wanawake na watoto. Alimwandikia Pullman kumwomba awapunguzie kodi na kuwapa unafuu. Alipokataliwa, akawageukia wananchi, akaomba michango, na chakula kikapatikana.

Je, alikwepa rushwa kama inavyosemwa?

Mwaka 1895 Charles Yerkes, tajiri wa tramu za Chicago, alipitisha bungeni miswada ya kumpa barabara za jiji kwa miongo mingi. Altgeld aliikataa yote. Simulizi la muda mrefu linadai aliahidiwa nusu milioni ya dola aiache ipite. Kiasi chochote kilichotajwa, kukataa ni jambo la hakika, na alikataa wakati Unity Building ikimtafuna kwa madeni.

Kwa nini hakugombea urais?

Katiba ya Marekani inamtaka rais awe raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo mwaka 1896, kwenye mkutano mkuu wa Democrat uliofanyika Chicago, alifanya kazi ya kuandika msimamo wa chama na kukiondoa mikononi mwa watu wa Cleveland. Aliyepewa bendera ni William Jennings Bryan.

Ni msamaha ndio uliomwangusha mwaka 1896?

Ulichangia, lakini watu huutwisha mzigo wote. Mwaka huo Republican walishinda sehemu kubwa ya kaskazini ya nchi. Altgeld, aliyegombea tena ugavana, alishindwa na John Tanner wa Republican, ila ndani ya Illinois alipata kura nyingi kuliko Bryan. Siku ya kukabidhi madaraka alinyimwa nafasi ya hotuba ya kuaga, ambayo ilikuwa desturi.

Miaka yake ya mwisho ilikuwaje?

Alipoteza Unity Building. Mwaka 1899 aligombea umeya wa Chicago kama mgombea binafsi, akashindwa. Alirudi kwenye uwakili, katika ofisi moja na Darrow. Machi 1902 alikwenda Joliet, mji uleule wa gereza, kuhutubia mkutano wa kuwatetea Makaburu waliokuwa wakipigana na Uingereza huko Afrika Kusini. Alianguka baada ya hotuba, na akafariki usiku huo, kuamkia tarehe 12. Mwili wake ulipowekwa maktaba ya umma ya Chicago, maelfu walipanga foleni kumuaga. Darrow na Jane Addams, mtetezi wa maskini wa Chicago, walizungumza mazishini. Yeye na Emma hawakujaliwa watoto.

Mei Mosi yetu inahusiana naye?

Inahusiana na waliokufa. Mkutano wa kimataifa wa wasoshalisti uliofanyika Paris mwaka 1889 ndio uliopanga maandamano ya tarehe 1 Mei 1890, na siku hiyo ikasambaa duniani hadi kufika Dar es Salaam na Nairobi. Marekani yenyewe huadhimisha Sikukuu ya Wafanyakazi mwezi Septemba, kwa sheria aliyoisaini Cleveland mwaka uleule wa Pullman.

Na Altgeld Gardens inayotajwa na Barack Obama?

Ni mtaa wa nyumba za umma uliojengwa miaka ya 1940 kusini kabisa mwa Chicago, ukapewa jina la gavana huyu. Katikati ya miaka ya 1980 Obama, ambaye baba yake alikuwa Mkenya, alifanya kazi huko ya kuwaunganisha wakazi, na moja ya mapambano yao ilikuwa kudai asbesto iondolewe majumbani mwao.

Nikifika Illinois, nione nini?

Sanamu yake iko Lincoln Park, Chicago, kazi ya Gutzon Borglum iliyozinduliwa mwaka 1915. Kaburi liko makaburi ya Graceland. Vyuo vikuu kadhaa vya jimbo vina majengo ya mawe yenye minara kama ngome, mtindo alioupenda. Lile la Chuo Kikuu cha Illinois huitwa Altgeld Hall. Mnara wa waliosulubiwa na kesi ya Haymarket uko makaburi ya Forest Home (zamani Waldheim), Forest Park. Ulizinduliwa tarehe 25 Juni 1893, siku moja kabla ya msamaha.